Bandeji ya mkono inabana, inateleza au inavuja damu: tatizo liko wapi na ufanyeje

Bandeji ya kuviringisha ikikaa vizuri mkononi mtu anaisahau, anakula, anashika simu, analala nayo bila habari. Kwahiyo ukimuona mtu kila saa anaigusa, anaivuta, anatikisatikisa vidole, jua kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi sana sio kidonda chenyewe wala kuteguka kwenyewe, ni namna ilivyofungwa. Nafundisha huduma ya kwanza mtaani, kwa mafundi wa gereji na kwa vijana wa mpira, na maswali ninayoulizwa yanajirudia, ndo maana nayapanga hapa dalili moja moja na sababu zake. Naongelea kiganja na kifundo cha mkono tu, mguu una mambo yake.

Kwanza ujue iliyo sawa inakuwaje, maana bila hiyo hutajua kosa liko wapi. Ncha za vidole vyote vitano ziko nje zinaonekana, kidole gumba kiko huru kabisa, bandeji imeanzia karibu na mizizi ya vidole na imepita kifundo kidogo kuelekea juu. Kifundo kimeinuka kidogo kwa nyuma, vidole vimekunjika kidogo kama mtu aliyeshika glasi. Kidole chako kimoja kinapita chini ya ukingo wa bandeji bila kulazimisha. Joto la vidole ni sawa na la mkono wa pili. Kikikosekana kimojawapo endelea kusoma.

VIDOLE VINA GANZI, VINA BARIDI AU VIMEBADILIKA RANGI

Naanza na hii kwasababu ndio inayoweza kumpotezea mtu vidole, hizo nyingine nyingi zinaweza kusubiri kidogo.

Kipimo ni rahisi, bonyeza ukucha mpaka upauke halafu achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haifiki vizuri, fungua. Fanya hivyo ukimaliza tu kufunga, kisha rudia kila baada ya dakika 10 mwanzoni, halafu kabla ya kulala. Na usingoje mgonjwa alalamike, mtoto mdogo atalia tu bila kusema kinachomuuma, mzee atavumilia, na aliyelewa ndo kabisa hatasikia kitu mpaka asubuhi.

Sasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi ile bluu ya kwenye vitabu haionekani kirahisi. Angalia chini ya kucha na upande wa ndani wa ncha ya kidole, damu ikipungua pale panakuwa kama na majivu, pamefifia, ukilinganisha na mkono wa pili unaona tofauti. Halafu huku Pwani kuna hina. Mtu katoka harusini, kapakwa hina na piko mpaka kwenye kucha, au kapaka rangi nzito ya kucha, hapo kipimo cha ukucha hakikusaidii. Usipoteze muda kuhangaika kufuta. Shika vidole vya mikono yote miwili kwa wakati mmoja kwa kutumia mgongo wa mkono wako, maana mgongo wa mkono unasikia joto vizuri kuliko kiganja, ukikuta upande wenye bandeji una baridi kuliko mwenzake umeshapata jibu. Kisha mwambie afumbe macho, gusa ncha ya kidole kimoja taratibu kwa pembe ya leso, muulize, "dada, hapo nimekugusa kidole gani?" Akikosea au akisema hasikii, fungua.

Ganzi yenyewe pia inakuelekeza pa kutafuta. Ikiwa vidole vyote, bandeji inabana mzunguko mzima. Ikiwa ni gumba, cha shahada na cha kati, basi mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo upande wa mbele ndio umebanwa, na hapo mara nyingi utakuta kifundo kimefungwa kikiwa kimeinamia mbele au mizunguko imerundikana palepale. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, kabla hujailaumu bandeji angalia kiwiko, yani pale mkono unapokunjika, kwasababu mshipa wa vidole hivyo unapita nyuma ya kiwiko na kama khanga uliyomning'inizia mkono imekunja kiwiko kupita kiasi, au kiwiko kimeegemea ukingo mgumu wa kiti muda mrefu, ganzi inakuja hata bandeji ikiwa fresh kabisa. Nyoosha kiwiko kidogo uone.

Ukishajua inabana, fungua YOTE mpaka uone ngozi. Watu wengi wanatoa pini, wanafungua mzunguko mmoja wa juu, wanaurudisha ukiwa umelegea wanasema tayari. Haisaidii, kwasababu mzunguko unaobana kawaida ni ule wa kwanza au wa pili pale kifundoni, na huo umekaa chini ya wenzake wote. Fungua yote, nyanyua mkono, subiri dakika chache, rangi na joto vikirudi funga upya kwa ulegevu zaidi. Visiporudi hiyo sio kazi yako tena, ni hospitali, na ni sasa hivi sio kesho asubuhi.

Kwanini ilibana? Sababu kubwa ni kuivuta bandeji ya krepu, ile inayovutika, mpaka mwisho wa mpira wake wakati wa kufunga. Krepu inavutwa nusu tu ya uwezo wake, ile nusu nyingine inaachwa ili mkono ukivimba ipate pa kuongezeka. Sababu ya pili ni kuufungua mzigo wa bandeji, yani ile rola, mbali na mkono, unajikuta umeshika utepe mrefu hewani na kila ukizungusha unauvuta bila kujua, wakati mzigo unatakiwa utembee umegusana na ngozi unajifungua wenyewe kidogo kidogo. Ya tatu ni bandeji iliyofungwa ikiwa imelowa, pamba iliyolowa ikikauka inajikaza, na hata damu ikikauka ndani ya gozi (kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) inakuwa ngumu na haipanuki tena.

Ila sababu ambayo watu wanaisahau zaidi ni kwamba ilikuwa sawa, mkono ndio uliobadilika. Mkono ulioteguka unaendelea kuvimba siku ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Fundi kabanwa mkono na jeki saa kumi jioni, mwenzake kamfunga vizuri tu, wamecheki vidole viko poa, kaenda nyumbani akala akalala, usiku wa manane anaamka vidole vimejaa kama sio vyake. Aliyefunga hakukosea, kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kazi ya bandeji inaanza baada ya kufungwa. Ukimfunga mtu mwambie kwa mdomo kabisa, na umwambie na anayekaa naye nyumbani: mkono utavimba, ukisikia ganzi au baridi fungua usiogope, hutaharibu kitu. Kwa kuteguka kwa kawaida naona ni bora krepu itolewe kabisa wakati wa kulala, mkono uwekwe juu ya mto, asubuhi inafungwa tena.

Na pete. Pete, bangili, saa, vile vikuku vya shanga, vyote vitoke kabla ya kufunga, hata kama mtu anasema pete haijambana. Saa hii haijambana, baada ya masaa mawili itambana na haitatoka. Ikiwa imeshakwama jaribu sabuni na maji baridi, mkono ukiwa umenyanyuliwa juu. Ikigoma tumia uzi: pitisha ncha moja ya uzi chini ya pete kuelekea upande wa kiganja, ule upande mrefu uliobaki uuzungushe kwenye kidole kwa kubana ukianzia ukingoni mwa pete kwenda kwenye kiungo mpaka ukipite, nyuzi zilalane bila kuacha nafasi, halafu shika ile ncha fupi anza kuufungua uzi taratibu, na kila uzi unapofunguka pete inasogea hatua moja mbele. Inauma kidogo lakini inatoka. Kama kidole kimevunjika au kina jeraha usifanye hivyo, na kama kimeshabadilika rangi usihangaike na uzi, pete inakatwa hospitali, ni dakika chache tu. Pete ya ndoa inaungwa kwa sonara, kidole hakiungwi.

MAUMIVU YANAZIDI KILA SAA INAVYOKWENDA

Mkono ulioumia unauma, hilo linajulikana. Lakini ukitulizwa, ukanyanyuliwa na dawa ya maumivu ikinywewa, maumivu yanatakiwa yashuke. Yakipanda badala ya kushuka, fungua bandeji kwanza. Kama baada ya kufungua bado yanapanda, mkono wa chini ya kiwiko umekaza mgumu, na ukimshika kidole ukakinyoosha wewe kwa taratibu tu anapiga kelele, hiyo ni dharura. Presha imepanda ndani ya misuli, damu inazuiwa humo humo ndani hata kama nje hakuna kinachobana, na misuli inaanza kufa ndani ya masaa machache. Usidanganywe na vidole kuwa bado vina rangi nzuri, rangi inaweza kubaki sawa mpaka muda umeshapita.

Naisisitiza hii kwasababu bado tunawafunga watu waliovunjika kwa vijiti na kamba zilizokazwa sana, tunawaambia wavumilie maana mfupa ndo unaunga. Maumivu yanayozidi chini ya kitu kilichofungwa, iwe bandeji, vijiti au hogo la hospitali (lile ganda gumu la plasta), hayavumiliwi. Yanafunguliwa. Hata hogo, kama limefungwa jana na leo vidole vina ganzi na maumivu hayashikiki, rudi huko huko walipokufunga hata kama ni usiku, wanalipasua na kulilegeza.

VIDOLE VIMEVIMBA LAKINI HAVINA GANZI

Hapa mara nyingi bandeji imefunga kifundo peke yake na kiganja kimeachwa wazi, maji ya uvimbe yakisukumwa hayana pa kwenda yanashuka kwenye vidole. Anzia kwenye kiganja karibu na vidole kisha panda kwenda juu, siku zote kutoka chini kwenda juu, na presha iwe sawa au ipungue kidogo kadri unavyopanda, isiongezeke. Sababu nyingine ni mkono kuning'inia. Khanga au mtandio uliofungwa vizuri shingoni unaweka kiganja juu kidogo kuliko kiwiko, lakini wengi tunafunga ile inayoacha kiganja kimelegea kinaangalia chini. Kaza fundo, kiganja kiinuke. Na vidole vichezwe, kukunja ngumi taratibu na kukunjua mara kadhaa kila saa kama hakuna mfupa uliovunjika, misuli ikifanya kazi ndo inasukuma ule uvimbe urudi.

Halafu tuache kukanda na maji ya moto siku hiyo hiyo mtu alipoumia! Najua ni jambo la kwanza linalofanyika nyumbani, sufuria jikoni, kitambaa, na mtu wa kuchua anaitwa. Masaa 48 ya mwanzo joto na kuchua vinaongeza uvimbe. Weka barafu, hata ile ya kufungwa kwenye mfuko inayouzwa mtaani, izungushie kitambaa usiigusishe ngozi moja kwa moja, dakika 15 mpaka 20 halafu toa, rudia baada ya masaa mawili matatu. Bandeji inafungwa baada ya barafu kutoka.

BANDEJI INALEGEA, INATELEZA, INAJIKUNJA KAMA KAMBA

Hii haina hatari kama ile ya kwanza ila ndio inayokera watu, na ikishajikunja kuwa kamba kifundoni inageuka kuwa inayobana, ndo maana tusiidharau.

Cheki upana kwanza. Duka la dawa wanauza kwa inchi, kuna ya 2, ya 3, ya 4 na ya 6, ambazo ni kama sentimita 5, 7.5, 10 na 15. Mkono wa mtu mzima chukua ya inchi 3. Mtoto inchi 2. Ukipewa ya inchi 4 kwa ajili ya kiganja utahangaika bure, haipiti kati ya gumba na shahada bila kujikunja, na kila mkunjo unageuka kamba. Ukienda dukani taja kabisa kuwa unataka krepu, ile inayovutika, kwasababu bandeji nyeupe nyembamba ya gozi ni ya kushikilia kidonda tu, haishikilii kiungo kilichoteguka hata ukizungusha rola tatu.

Cheki ngozi. Ukiipaka mafuta au dawa ya kuchua, hakuna bandeji itakayokaa. Osha, kausha vizuri hasa kati ya vidole.

Kisha cheki njia iliyopita. Kuzungusha duara duara kifundoni halafu duara duara kiganjani haikai, kiungo kikisogea duara zinaachana. Kinachokaa ni mtindo wa nane, na naueleza pole pole maana hapa ndo penye kazi. Kaa mbele ya mgonjwa, mwambie aushikilie mkono ulioumia kwa mkono wake mzima pale chini ya kiwiko. Shika bandeji mzigo ukiwa umeangalia juu, yani upande wa nje wa bandeji ndio unalala kwenye ngozi. Anzia upande wa ndani wa kifundo, chini ya mzizi wa kidole gumba, zungusha mara mbili moja kwa moja kujifungia ncha, hiyo ni ya kushikilia tu, kufunga kwenyewe kunaanzia karibu na vidole kama nilivyosema. Sasa toka upande wa gumba, panda mshazari juu ya mgongo wa kiganja kuelekea kidole cha mwisho, ingia upande wa kiganja ukipita chini ya mizizi ya vidole vinne, tokea upande wa kidole cha shahada juu ya gumba, gumba likibaki nje, halafu shuka tena mshazari juu ya mgongo wa kiganja mpaka upande wa pili wa kifundo. Zungusha kifundo, panda tena. Kwenye mgongo wa kiganja utaona misalaba inajipanga. Kila mzunguko mpya ufunike theluthi mbili za uliopita, ile theluthi moja inayobaki inaonekana, na kila ukirudi unashuka kidogo kuelekea kifundoni mpaka kiganja kimefunikwa. Maliza na mizunguko miwili ya moja kwa moja juu ya kifundo.

Ukiona upande mmoja umekaza na mwingine umepwaya kama mfuko, maana yake mshazari wako umelala sana au umesimama sana, rudi hatua moja, usiendelee ukitegemea mzunguko unaofuata utafunika kosa. Hautafunika.

Kufungia mwisho, vile vibanio vya chuma vyenye meno vinavyokuja na krepu vinapotea siku ya pili na kwa mtoto mimi sivitumii, akikitoa anakitia mdomoni. Plasta ya utepe ni bora, vipande viwili, lakini isizunguke mkono mzima ikajikuta imekuwa kamba, iishie nusu. Pini ya nepi inafaa ukiichomeka ukiwa umeweka kidole chako chini ya bandeji. Na fundo au pini visikae juu ya kidonda wala upande wa ndani wa kifundo.

DAMU INAPENYA

Damu ikipenya kwenye bandeji maana yake mgandamizo haujakaa pale inapotokea. Kuongeza bandeji juu ya bandeji juu ya bandeji kunaficha tu, mkono unakuwa mnene na damu inaendelea humo ndani. Ongeza pedi moja juu na ugandamize kwa kiganja chako, dakika 10 kamili bila kuinua kuchungulia, mkono ukiwa umenyanyuliwa juu ya usawa wa moyo. Ikipenya na hiyo, toa vyote, tafuta hasa inapotoka, weka gozi safi nene palepale, gandamiza upya, na safari ya hospitali ianze ukiwa umegandamiza.

Kidonda cha kiganjani kinavuja sana kwasababu mishipa ya damu pale imejipinda kama upinde ikipokea kutoka pande mbili. Hapo bandeji ya kawaida ya kiganja wazi haishiki. Weka pedi nene kwenye kiganja, mwambie akunje ngumi aiminye kwa nguvu, halafu zungusha bandeji juu ya ngumi yenyewe, mshazari, ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Hapo ndipo pekee ambapo nafunga vidole kwa makusudi, gumba naliacha nje ili niwe na pa kuangalia rangi. Lakini kama kuna kipande cha chupa au msumari ndani usikunje ngumi na usikichomoe, kijengee kuta za gozi pande zote mbili ziwe ndefu kuliko chenyewe, funga kwa kupita pembeni.

Majeraha haya mengi yanatokana na panga kuteleza kwenye dafu au kisu kwenye parachichi, na kwa hayo kabla ya kufunga nachukua sekunde chache kumwambia mtu akunje kila kidole kimoja kimoja kisha akinyooshe, na namgusa kila ncha. Kisu kimeingia kidogo tu, damu imekata, mtu anaona kimeisha, lakini kidole cha kati hakikunjiki. Hiyo ni kano imekatika, na kano haijiungi kwa bandeji, inashonwa na daktari, na siku zikipita inajivuta ndani kazi inakuwa ngumu. Kidonda kidogo chenye kidole kisichofanya kazi ni kidonda kikubwa.

BANDEJI IMEGANDA, INANUKA, AU MKONO UNA JOTO

Ikiganda usivute kwa nguvu. Lowesha kwa maji safi ya vuguvugu au saline (maji ya chumvi) ya duka la dawa, subiri, itaachia. Iliganda kwasababu gozi kavu iliwekwa moja kwa moja kwenye kidonda kibichi, safari nyingine weka ile gozi yenye vaselini kwanza.

Harufu peke yake inaweza kuwa jasho. Harufu pamoja na usaha, wekundu au weusi unaosambaa kutoka kidondani, joto, mstari unaopanda kwenye mkono kuelekea kwapani, tezi za kwapani kuuma, homa, yote hayo ni maambukizi, sio ya kubadilisha bandeji bali ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukienda uliza kuhusu pepopunda. Kidonda kichafu cha udongo, samadi au bati lenye kutu, kama sindano yako ya mwisho imepita miaka 5, au hukumbuki, unatakiwa uchomwe.

NGOZI INAWASHA AU IMEPAUKA NA KUJIKUNJA

Unyevu. Jasho au maji ya kuoshea vyombo yamekaa humo. Toa, kausha, acha ipumue, ukifunga tena weka kipande cha gozi kavu kati ya vidole vilivyogusana, ngozi kwa ngozi chini ya bandeji inachubuka haraka sana. Kama kuna malengelenge au kama unasikia kuungua, uliza kama alipaka dawa ya kuchua ya moto moto chini ya bandeji. Hizo hazifunikwi kwa bandeji, zinaunguza.

"NIMETEGUKA TU" LAKINI WIKI IMEPITA NA BADO

Mtu kaanguka na bodaboda au uwanjani, akajikinga kwa kiganja. Kifundo kinauma, kikafungwa krepu, uvimbe ukapungua ila kushika kikombe bado kunauma. Mwambie ainue kidole gumba juu, kwenye mzizi wake upande wa juu wa kifundo kutatokea kashimo kadogo kati ya kano mbili. Bonyeza humo. Akiruka kwa maumivu usimpe bandeji nyingine, mpeleke eksrei, hata kama hakuna uvimbe wa maana. Kuna mfupa mdogo pale ambao ukivunjika hauonyeshi vurugu nyingi nje, na hata eksrei ya siku ya kwanza inaweza kutoka safi, ndo maana daktari mzuri anakufunga na kukuambia urudi baada ya siku 10 mpaka 14 upigwe tena. Rudi! Damu ya mfupa huo inaingia kutoka upande mmoja, ukikatika ule upande wa pili unaweza kufa taratibu, na mtu anabaki na kifundo kibovu maisha yote kwa kitu kilichoonekana kuteguka.

Kwa mama na bibi zetu, kuanguka hata kwa kuteleza bafuni kukifuatiwa na kifundo kuonekana kimepinda, usinyooshe, usichue. Weka kadibodi ngumu au gazeti lililokunjwa chini ya mkono kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, zungushia bandeji bila kukaza juu ya palipopinda, khanga shingoni, hospitali.

PASIPOHITAJI BANDEJI KABISA

Mkono ulioungua: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, pete zitoke upesi, kisha funika kwa nailoni safi ya kufunikia chakula, ilazwe tu isizungushwe kukaza. Dawa ya meno na yai hapana. Aliyeng'atwa na mbwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kidonda kiachwe bila kukazwa, chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Aliyempiga mtu ngumi ya meno akachanika kwenye kifundo cha kidole: hata kama ni kamstari tu, hospitali, mate ya binadamu yakiingia kwenye kiungo yanaharibu haraka. Nyoka: hakuna kamba ya kukata damu, mkono utulizwe, pete zitoke, mgonjwa abebwe.

KREPU YENYEWE IMECHOKA

Mwisho kuna bandeji ambayo hata ufunge vipi haikai, na kosa ni lake. Krepu ikivutwa na kuachiwa inatakiwa irudi, isiporudi imekufa. Inafuliwa kwa mkono, maji ya vuguvugu na sabuni, inakamuliwa kwa kuminywa ndani ya taulo bila kusokotwa, inaanikwa kivulini ikiwa imelazwa, maana jua kali na pasi vinaua mpira wake, na ikining'inizwa imelowa uzito wa maji unaivuta. Ikikauka iviringishe upya ukiikaza, mzigo uliolegea unakusumbua mikononi wakati wa kufunga. Iliyoshika damu au usaha wa mtu mwingine usiifue ukamfunga mtu mwingine, itupe. Ile iliyokufa mpira lakini ni safi ikate vipande, inafaa kufungia kadibodi au kuweka chini ya kiwiko kama mto.